Vanishi ya Lori la Baba

Baba yetu ana maneno mawili ya kusifia kazi. La kwanza ni "Inatosha", na hilo ndilo langu. La pili ni "Umepatia", na hilo sikujua kama analo mpaka nilipomsikia akimwambia mdogo wangu, tena kwa ajili ya mlango wa lori mdogo kuliko dole gumba.

Mimi ni mpaka rangi wa magari. Nimefanya kazi kwenye gereji ya baba kwa miaka ishirini na miwili, na watu wananiita Rangi, hata mama mkwe wangu. Gari huja kwangu limebonyea, kutu imelitafuna miguuni, na linaondoka linang'aa mpaka mwenyewe analipita akidhani ni la mtu mwingine. Wateja husifia sana. Baba haangalii hata. Huja na kiganja chake, hufumba macho, hukipitisha kwenye bodi kuanzia taa ya mbele mpaka ya nyuma, halafu husema, "Inatosha," na kurudi kwenye kiti chake. Nimeoa, nimezaa, mvi zimeanza kunichungulia, na bado kila gari likiisha ninasimama pale na kitambaa mkononi nikisubiri aongeze neno. Mtu mzima ovyo, najua.

Mdogo wangu anauza dawa. Ni kitinda mimba, ana koti jeupe na vidole laini vya kuhesabia vidonge, na tangu tukiwa wadogo yeye ndiye aliyetumwa dukani ili mimi nibaki kushika spana. Sikumwonea wivu kwa hilo. Mwenye spana alikuwa karibu na baba, na mimi nilitaka kuwa karibu na baba.

Kabla ya gereji baba aliendesha lori la jeshi kwa miaka kumi na mitano. Hilo tulilijua wote, na hatukujua zaidi ya hapo. Baba si mtu wa hadithi. Ukimuuliza habari za kambini, anakuuliza kama umeshaosha bunduki ya kupulizia rangi.

Sasa siku moja mdogo wangu akaja na sanduku. Ndani kulikuwa na lori la jeshi la plastiki, la aina ileile aliyoendesha baba, limekatwa vipande zaidi ya mia mbili vya kuunga kwa gundi. Likiisha linakuwa na urefu wa kiatu. Akalitandaza kwenye meza ya sebuleni kwa baba, juu ya gazeti, akasema, "Baba, nielekeze. Nataka liwe lako, si la kwenye picha."

Nilicheka. Nilidhani baba atamfukuza. Kumbe alivuta kiti.

Kuanzia hapo ikawa kila Jumamosi mchana, mdogo wangu akishafunga duka lake. Nyumba ya baba na gereji vimegawana ua mmoja, na dirisha la sebule linatazamana na chumba changu cha kupulizia rangi. Jumamosi ya kwanza nilisikia sauti zao. Ya pili nikamsikia baba akicheka. Nilizima mashine ya upepo ili nihakikishe. Baba alikuwa anacheka kweli, kicheko cha kupiga paja, na anahadithia jinsi alivyogonga nguzo ya lango la kambi siku yake ya kwanza kazini, mbele ya mkubwa wake, na bampa likabaki limepinda hivyo mpaka alipostaafu. Miaka ishirini na miwili nimenyoosha mabampa mbele ya macho yake, na hakuwahi kukumbuka lake.

Nitasema wazi, maana hakuna anayenisikia kwa sasa: roho iliniuma. Iliniuma vibaya.

Jumamosi ya nne nilijifanya nina kiu, nikaingia. Lori lilikuwa limeshaungwa na kupakwa kijani. Mdogo wangu alikuwa anafanya kile wanachokiita kulichakaza: kulipa vumbi, mikwaruzo, matope, madoa ya mafuta, ili lionekane limetumika. Alikuwa na kibano cha duka la dawa, bomba la sindano la kupimia matone ya rangi, na vifuniko vya chupa za vidonge amevipanga, hiki udongo uliochekechwa, hiki unga wa penseli, hiki masizi.

"Shikamoo baba," nilisema.

"Marahaba. Angalia mdogo wako anavyofanya."

Angalia mdogo wako! Mimi!

"Mimi ninalipwa kuondoa uchafu," nikamwambia mdogo wangu. "Wewe unaununua."

"Ndiyo raha yenyewe, kaka," alijibu bila kuinua macho. "Huku nyumbani kila mtu na uchafu wake."

Baba alicheka tena. Nikaona nisipoonyesha ujuzi wangu saa hiyo nitatoka pale kama mpita njia. Nikainama juu ya meza, nikaweka kidole. "Kutu umeisahau. Chini ya milango, hapa na hapa. Maji ya mvua hutulia hapo. Gari lolote la umri huo lingekuwa limeshaliwa."

Mdogo wangu alimtazama baba, naye baba akanitazama mimi kama mteja aliyeleta gari lisilo lake.

"Lori langu halikuwa na kutu," alisema. "Tulilisugua kila jioni kwa brashi, liwe limetoka vitani au sokoni. Dereva aliyeacha kutu alilala lokapu. Rangi yetu ilikwisha kwa kusuguliwa, haikwisha kwa kutelekezwa. Wewe umezoea magari ya raia."

"Sikujua, baba."

"Hukuuliza," alisema, na hakuwa amekasirika hata kidogo. Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Endelea. Ulikuwa mlangoni."

Mdogo wangu alichukua kipande cha sponji kidogo kama punje ya mchele, akakichovya kwenye unga wa penseli, akagusa ukingo wa mlango wa dereva, chini kidogo ya dirisha. Akagusa tena. Rangi ya kijani ikafifia, pakatokea mng'ao wa chuma kilichochoka, mahali pa upana wa nukta. Baba aliweka miwani vizuri. Mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe, kiwiko kikakaa kwenye ukingo wa meza namna dereva anavyokiweka dirishani safari ikiwa ndefu.

"Umepatia, mwanangu," alisema. "Hapa umepatia kabisa."

Nilirudi kazini bila kunywa maji.

Usiku huo kwangu hakukulika. Mke wangu alinitazama ninavyochokonoa sahani, akasema, "Mtu na akili zake anashindana na kijilori cha plastiki."

"Simshindani mtu."

"Basi kula."

Sikula. Chanda chema huvikwa pete, ndivyo wasemavyo, na mimi nilikuwa natazama vidole vyangu vyeusi kumi, vyote vyema, vyote vitupu.

Jumamosi ya saba mdogo wangu alikuja gerejini asubuhi, kabla ya kufungua duka lake, amelibeba lori kwenye boksi la viatu kama mtu anayebeba mayai. Nikiri kwamba lilikuwa zuri. Turubai lake, la karatasi laini iliyogandishwa kwa gundi, lilikuwa limelegea katikati kama turubai lenye maji ya mvua. Bampa lilipinda kulia. Ngazi ya dereva ilikuwa imelika kwa buti, ya abiria ikiwa bado nzima, kwa sababu baba alisema alisafiri peke yake mara nyingi. Mambo hayo yote aliambiwa yeye.

"Kaka, bila wewe halimaliziki," alisema. "Kesho baba anakutana na wazee wenzake wa kikosi, anataka kwenda nalo. Watalishikashika, na vumbi lote litabaki mikononi mwao. Linahitaji vanishi isiyong'aa, ipulizwe nyembamba. Mimi sina bunduki, na mkono kama wako sina."

"Vanishi ipi?"

"Unaniuliza mimi?" Alicheka. "Wewe ndiye unayejua."

Akaniachia, akavuka ua kwenda kumwamkia baba.

Nilifunga mlango wa chumba cha kupulizia. Rafuni kulikuwa na vanishi ya aina mbili. Moja ya maji, isiyodhuru hata karatasi. Nyingine ya magari, inayochanganywa na thina kali ya kuyeyushia rangi, ile inayokufanya utokwe machozi ukifungua kopo. Mkono wangu ulichukua ya magari. Nilichanganya, nikajaza bunduki. Halafu nikafanya ninachofanya kila siku tangu nianze kazi hii: sijawahi kupuliza kitu bila kujaribu pembeni. Kwenye boksi kulikuwa na mabaki ya fremu ya plastiki iliyoshika vipande. Nikakata kijiti, nikakipuliza.

Kiliweka makunyanzi kama utando wa maziwa, kisha kikajipinda.

Hapo ndipo ningeweza kuacha. Kopo la pili lilikuwa hatua moja tu kutoka niliposimama. Wala sikuwa na hasira. Ningekuwa na hasira, leo ningekuwa na la kujitetea. Nilikuwa mtulivu kama ninapopaka gari la daktari. Nilikitupa kijiti, nikalisogeza lori kwenye mwanga, nikaanzia mlango wa dereva, na nikapuliza nzito.

Rangi iliinuka, ikapasuka. Mlango ukalegea, turubai likazama ndani, matope ya wiki tatu yakachuruzika. Nilisikia raha. Ilikuwa raha fupi, ya kiasi cha kuvuta pumzi moja.

Niliosha bunduki kwanza. Kisha nikafungua mlango, nikatengeneza uso, nikaita, "Jamani, njooni muone balaa!"

Mdogo wangu alifika mbio. Aliliangalia lori, akanyoosha kidole, hakuligusa. "Limeyeyuka," alisema polepole. Midomo ilimtetemeka, na nikajua atalia, na nilitaka alie. Lakini alimeza mate, akaweka mkono wake begani mwangu.

"Usijali, kaka. Kosa ni langu. Wewe umezoea bati, nilipaswa kukuambia plastiki hii ni laini. Nitajenga lingine."

Baba aliingia nyuma yake, taratibu, kwa sababu ya magoti. Alilinyanyua lori kwa mikono miwili. Alilinusa.

"Thina ya gari," alisema.

"Ndiyo, baba. Nilidhani italifaa. Nimekosea."

"Ni bahati mbaya tu, baba," mdogo wangu alisema. "Hata fundi hukosea."

"Fundi hukosea," baba alikubali. Aliliweka lori chini, akafuta vidole kwenye suruali. "Huyu hakosei."

Sikuelewa mara moja. Alikuwa anamwambia mdogo wangu, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

"Huyu nimemfuata nyuma miaka ishirini na miwili," aliendelea. "Kila gari analomaliza nalipapasa nikitafuta kosa. Nafumba macho, kusudi mng'ao usinidanganye. Sijalipata. Si moja, wala nusu. Ningesema nini? Nikasema inatosha, maana hakuna cha juu ya hapo. Nimezunguka na jeshi nchi nzima na sijaona mpaka rangi wa kufikia kiatu cha huyu. Hapulizi hata mkebe bila kujaribu pembeni. Mtu huyo hawezi kukosea thina."

Nimeyasubiri maneno hayo tangu nina ndevu tatu. Nilikuwa nimeyapangia mahali: yangesemwa uani, mbele ya gari jeusi lililokauka, wateja wakisikia. Yalinifikia pale, kwenye harufu ya thina, na yalikuwa mengi kuliko niliyowahi kuota.

Baba alinisogelea. "Sasa niambie tena kwamba umekosea."

Neno lenyewe, nimekosea, lilikuwa dogo. Ningelisema, mambo yangeisha. Mdogo wangu alikuwa ameshanisamehe, na baba, nadhani, alikuwa ananifungulia mlango nitoke. Lakini ningelisema, ningekuwa nimepitisha msasa, kwa mkono wangu mwenyewe, juu ya yote aliyotoka kuyasema. Ningebaki fundi wa kawaida, mkosaji kama wengine, wa inatosha ya zamani.

"Sikukosea, baba," nilisema.

Mdogo wangu aliuondoa mkono wake begani mwangu.