Kiti cha Kushoto

Kiti cha kushoto kilikuwa kimerudishwa nyuma matundu matatu.

Mimi ni mfupi. Kwa mwaka mzima kiti kile, cha mwanafunzi, kilikaa kwenye tundu la mbele kabisa, na juu yake mto nilioushona kwa kitenge cha mama, ili nione mbele na miguu ifike kwenye pedali. Asubuhi ile nilipofungua mlango wa ndege nipanguse umande, mto ulikuwa umetupwa nyuma kwenye mizigo. Nilidhani fundi alikuwa anakagua kitu. Nikakisogeza kiti mbele, nikaendelea kupangusa.

Ndege yenyewe ni ya viti viwili, mali ya klabu ya wakulima na wafanyabiashara wa mbao wa Mafinga. Uwanja wao ni wa nyasi, kando ya msitu wa paini. Klabu ilikuwa na nafasi moja kwa mtu asiye na uwezo: unafyeka nyasi za uwanja, unafukuza ng'ombe, unaosha ndege, na wao wanakufundisha mpaka upate leseni ya urubani. Niliishia darasa la tano. Nilimtuma mjomba Kalinga akaniombee, maana mwenyewe niliona aibu kuomba.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Isakwisa, Mnyakyusa, nyumbani kwake Mbeya. Kiingereza cha redio alinipa sentensi moja moja, nami nilizirudia nikifyeka. Shida yangu haikuwa mikono, ilikuwa sauti. Nikibonyeza kitufe cha redio nilinong'ona.

"Mwanangu, waongoza ndege kule mnarani hawakuoni ukiinamisha kichwa," aliniambia. "Sema wewe ni nani, uko wapi, unataka nini. Basi."

Mwezi wa sita tuliruka mpaka Mbeya, tukiifuata barabara kuu, majaruba ya mpunga ya Chimala yakimeta upande wa kulia. Mwalimu alikunja mikono kifuani safari nzima, hakugusa kitu. Tulipotua akasema yamebaki masomo mawili, kisha atashuka aniache niruke peke yangu. 

Alinipeleka kwake tukale. Mezani alikaa na Damari, mke wa mwanawe mkubwa, akamtania kwamba chumvi aliyotia ingetosha kukaushia samaki. Damari akacheka, akamwambia baba anywe maji. Mwanawe mdogo, Benjamini, fundi simu, aliniletea soda na kuniomba namba. Tangu siku hiyo tukawa tunaandikiana, na nilimpenda kidogo kidogo, kwa siri.

Wiki mbili baada ya kukuta kiti kimesogezwa, posa ya Benjamini ilifika kwetu Mlandege, mjini Iringa.

Kwetu msichana huulizwa mbele ya wageni. Akiinama na kunyamaza, wamepata jibu. Shangazi Veneranda aliniuliza, "Verediana, hawa wageni tuwapokee?" Nilikuwa na jibu. Nilitaka kusema wanisubiri kwanza, nimalize leseni. Lakini mjomba alikuwa ananitazama, mshenga ananitazama, na chumba kizima kimenyamaza kwa ajili yangu. Nikaangalia vidole vya miguu yangu. Vigelegele vikapigwa.

Jumatatu nilikwenda uwanjani kama kawaida. Mwalimu aliponiona alinipa mgongo, akapita nyuma ya stoo. Nilidhani hakuniona. Nikamfuata, akazunguka upande wa pili. Mwishowe akamtuma Saulo, mlinzi, ambaye alikuja anajikuna shingo.

"Dada, mzee anasema sasa wewe ni mkwewe," alisema. "Kwao baba mkwe na mkamwana hawatazamani, sembuse kukaa bega kwa bega kwenye kile kindege. Anasema hongera."

Nilimwambia ahsante. Mimi ni mtu wa kusema ahsante. Nikachukua fyekeo nikaanza kufyeka, na nilikuwa nimefika katikati ya uwanja ndipo nikamkumbuka Damari, mkamwana aliyekaa naye mezani, na chumvi yake.

Nyuma yangu injini iliwaka. Aliyekaa kushoto alikuwa Bertha, binti wa mwenyekiti wa klabu, aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu. Bertha ni mrefu. Magoti yake yalikuwa yamekaa vizuri kabisa, bila mto.

Nilimpigia Benjamini palepale, nimesimama kwenye nyasi. Nilimuuliza kwa nini posa imekuja sasa hivi. Alizungukazunguka sana, akaniuliza habari za mjomba, habari za baridi ya Mafinga. Nikanyamaza. Kunyamaza najua, na safari hii kulinisaidia, maana alichoka kabla yangu.

"Mwenyekiti aliitaka ile nafasi ya bure kwa ajili ya binti yake," alisema. "Baba aliona vibaya kukufukuza, umefyeka mwaka mzima. Akasema ukichumbiwa utatoka mwenyewe, na hakuna atakayelaumiwa."

"Na wewe ukakubali?"

"Mimi nakupenda pia, Vere."

Lile neno *pia* nilibaki nalo siku tatu. Nililala nalo, nikapikia nalo. Shangazi alidhani ni haya ya uchumba, akanisifu.

Alhamisi ilikuwa siku yangu ya somo. Sikumwambia mtu. Nilichukua basi la asubuhi kutoka Iringa, mto mpya wa kitenge nilioushona zile siku tatu ukiwa mapajani. Mwalimu alikuwa anakagua bawa, Bertha yuko pembeni na daftari. Mwalimu aliponiona akageuka haraka kuelekea stoo. Nikazunguka ndege kwa upande wa mkia, nikasimama kwenye njia yake. Akageukia msitu. Nikasogea tena mbele yake. Akafunika uso kwa karatasi ya ukaguzi, yeye aliyezoea kunywa chai kwenye kikombe changu.

"Saulo," aliita, "mwambie mkwe wangu—"

 Nikaona kidole changu gumba kinakandamiza mto, kama kinavyobonyeza kitufe cha redio.

"Mwalimu, ni Verediana," nilisema, kwa sauti ya kusikika mnarani. "Niko uwanjani. Posa sikuikubali. Nataka kiti changu."