Kambare wa Ziwa Lililofungwa

Kabla ya sotoka, Gumato, mke wa mfugaji, alikuwa akitoka malishoni Minjila na kibuyu cha maziwa, akafika kwa rafiki yake Mwanasha, Mpokomo wa kando ya mto, akarudi na ndizi na mahindi. Akimkuta anapika kambare, husimama nje na kuziba pua kwa ncha ya nguo, maana kwao samaki haliwi. "Hicho chakula ya korongo," husema. Naye Mwanasha humjibu kwamba mtu mzima anayeshinda na maziwa ni ndama. Lo, siku zile! Mpaka leo, mvi zimemjaa kichwani, Mwanasha akizikumbuka hucheka peke yake jikoni.

Kisha sotoka ikaja, ikafyeka ng'ombe nyika nzima. Mwaka huohuo mto ulifurika, ukabeba mahindi hata hayajakomaa, Wapokomo wakabaki kuchimbua mizizi ya mayungiyungi. Gumato alifika mikono mitupu, mwanawe Jarso mgongoni, hata meno hajaota. Maziwa ya mama yalikuwa yamekauka. Mtoto hakuwa na nguvu ya kulia, aliguna tu.

Chakula cha kumwokoa kilikuwa kimoja, samaki wa ziwa la nyuma ya kijiji, na ziwa lenyewe lilikuwa limefungwa. Kila mafuriko samaki waliingia humo kutaga, na wazee walifunga kuti la mnazi mlangoni pake, alama ya marufuku. Hakuna aliyethubutu kutega mpaka maji yashuke. Mwanasha alimwendea mzee Dabaso, msimamizi wa ziwa.

"Baba, mtoto atakufa."

"Wetu nao wana njaa, mwanangu. Nikimfungulia mmoja mtaingia nyote, na mwakani tutavua matope."

"Tutavua cha Gumato tu. Sisi hatutaonja."

Dabaso akawaita watu, awasikie wenyewe. Maneno yalikuwa makali. Shemeji yake Mwanasha alimwambia wazi kwamba anajitia ukarimu kwa matumbo ya wenzake. Jarso akaguna mgongoni mwa mama yake, wakamsikia wote. Mmoja mmoja wakakubali. Kila asubuhi ulitegwa mtego mmoja, kisha kuti likafungwa tena.

Mwanasha alipika mchuzi wa kambare, akautenga. Gumato akaukodolea macho.

"Watu yangu wakijua, watanicheka."

"Waache wacheke. Kula, dada."

Akala. Alifumba macho, akameza bila kutafuna, machozi yakimtoka. Nje watu walikaa wakimeza mate, wala hakuna aliyenyoosha mkono. Miaka yote Mwanasha alikuwa akitamani kumwona Gumato akila samaki, apate la kumtania. Siku hiyo roho ilimuuma, akashindwa hata kumtazama. Alimpakata Jarso, akageukia ukutani mpaka chungu kikaisha.

Siku chache baadaye Jarso alinyonya akashiba, kisha akapasua kilio, na kijiji kizima chenye njaa kikatoka nje kumsikiliza.