Mfungua Kurasa

King'ora cha machimbo kilipolia, Mama Chiriku alikuwa anaanua joho la kwaya kwenye kamba aliyoifunga ndani ya nyumba, kati ya kabati na kitanda. Mtaa mzima hakuna aliyethubutu kuanika kitu cheupe nje. Ukianika cheupe asubuhi, mchana unaanua cha rangi ya majivu, na ukikikung'uta utakohoa mpaka machozi yakutoke. Alilikunja joho haraka, akalitia ndani ya mfuko wa nailoni.

"Chiriku, funika ndoo."

Binti yake alifunika ndoo huku anaendelea kuongea, maana huyo hata akiwa usingizini mdomo haukupata likizo. Mlimani mwamba ukapasuka. Vikombe vikagongana, sufuria ikacheza juu ya jiko, na vumbi likaingia chini ya mlango bila hodi.

Siku nyingine Mama Chiriku angelaani. Angelaani machimbo, angelaani kijito kilichogeuka uji mweupe, angemlaani na muuza maji, ambaye bei yake ilipanda kila mwamba ulipopasuka. Leo hakuwa na nafasi ya kulaani. Binti yake alikuwa anasafiri. Tangu alfajiri moyo wake ulikuwa unadunda kama wa bibi harusi, na mara mbili alikuwa ametia chumvi kwenye chai.

"Mama, eti ukikohoa kwenye ndege wanakurudisha?" Chiriku aliuliza.

"Basi usikohoe."

Alisema kwa mzaha, lakini yeye mwenyewe hakucheka. Kikohozi cha Chiriku kilikuwa kimeanza msimu uliopita, kikavu na kifupi. Daktari wa zahanati alisema dawa yake ni kuhama. Kuhama kwenda wapi, hilo hakuliandika kwenye cheti.

Baba Chiriku alikaa ukingoni mwa kitanda akikaza ngozi ya ngoma. Zamani alikuwa sauti ya nne, besi ambayo ilipoteremka, vioo vya kanisa viliitika. Kisha akatoboa mwamba miaka kadhaa, vumbi likakaa kifuani, na kampuni ikamwambia apumzike. Amepumzika mpaka leo. Sauti iliyobaki ilikuwa ya mlango uliokosa mafuta, ndiyo maana kwaya ilimpa ngoma.

"Huyo Mfadhili wenu," alisema taratibu, "anaupenda wimbo gani?"

"Nitajuaje mimi?"

"Amewahi kuwasikia mkiimba?"

"Baba Chiriku, tafadhali. Usituletee mkosi siku ya safari."

Akaendelea kukaza ngoma. Lakini swali likishatoka halirudi mdomoni.

Mfadhili aliletwa parokiani na Mwenyekiti wa mtaa. Ng'ambo, Mfadhili alisema, kuna tamasha kubwa la nyimbo za dini, tiketi zimelipwa, na wenye bidii watapata kazi za heshima baada ya tamasha. Akapiga picha. Akataka wasichana tu, wenye afya, wapimwe damu. Waimbaji wa kiume walinuna wiki nzima. Mwalimu wa kwaya, mtu mpole anayeishi kwa kinanda na matumaini, alisema huenda huko kuna mtindo wa sauti za kike peke yake. Akakesha akiupanga upya wimbo wao mkubwa, akaihamishia besi kwenye sauti ya pili, na wasichana wakaimba mpaka wakaota wimbo. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Mfadhili hakuwahi hata kuuliza wanaimba nini.

Na si kwamba watu walikuwa hawajaonywa. Jumapili iliyopita Padri alisoma ujumbe wa maaskofu juu ya biashara ya binadamu, mrefu, wenye maneno mazito. Watu walisikiliza kwa huzuni, wakatoa sadaka nzuri, wakatoka wakiwaonea huruma watu wa mbali ambao mambo hayo huwapata. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa vumbi. Kamati ya Haki na Amani ilipoiandikia kampuni barua, kampuni haikujibu kwa barua. Ilileta kinanda kipya. Kamati ikashukuru, na vumbi likakaa juu ya kinanda.

Saa nne Mama Chiriku alikuwa kwenye benchi la ofisi ya mtaa, akisubiri barua ya utambulisho igongwe muhuri. Pembeni yake alikaa Kurasa. Jina hilo alipewa kwa kazi yake: alisimama kando ya kinanda na kumfungulia Mwalimu kurasa. Alikuwa msichana mrefu, mzuri wa kutazamwa, mtulivu, anayelelewa na shangazi mwenye watoto wengi wa kwake. Sauti Mungu alikuwa amemnyima. Akiimba, hata katekista aliyezoea kila kitu alifunga macho. Lakini hakuna aliyejua kama yeye sekunde ipi ukurasa ufunguliwe, na Mwalimu hakuwahi kumwangalia; aliinamisha kichwa kidogo tu, ukurasa ukaenda.

Kurasa ndiye Mfadhili aliyemchagua kwanza. Kengele, msichana mwenye mguu mmoja mfupi, ambaye sauti yake ya pili ilikuwa inawaliza hata walevi, aliachwa. Watu walisema dunia haina haki, wakaishia hapo.

"Mama Chiriku," Kurasa alinong'ona, "mimi sijawahi kuchaguliwa kwa kitu chochote." Alikuwa anatabasamu mpaka mashavu yanatetemeka.

"Ukifika huko fungua mdomo tu, wenzako watakufunika. Na usibanduke kwa Chiriku."

"Sibanduki."

Mwenyekiti aligonga muhuri, lakini barua akaizuia kwanza mkononi. "Wino nao umepanda bei, mama zangu," alisema, akicheka kwa kitambi. Mama Chiriku akatoa alichokuwa nacho. Kurasa hakuwa na kitu, lakini barua yake ikatolewa bure.

"Hiyo ya huyu imeshashughulikiwa," Mwenyekiti akasema, akatazama pembeni.

Mchana uwanja wa kanisa ulijaa. Akina mama walikuja na mabeseni ya chakula, wanakwaya wakatoa kinanda barazani na kuvuta waya wa umeme kupitia dirisha la sakristia. Padri alikuwa vigangoni, kwa hiyo katekista aliongoza sala ya safari, na kwa furaha akaongeza sala nyingine mbili. Mama Chiriku alicheka, alilia, alimrekebisha binti yake kola, akacheka tena. Alishajiona akipokea simu kutoka mahali ambapo hewa haina rangi. Alishamwona Chiriku akivuta pumzi mpaka mwisho.

Gari dogo lenye vioo vyeusi likaingia. Mfadhili akashuka, miwani usoni, simu sikioni. Akakusanya pasipoti za wasichana, akazitia kwenye begi lake, akawapungia mkono waingie. Wakaingia wakicheka na kusukumana, Kurasa akiwa wa kwanza, akapata kiti cha dirishani nyuma kabisa.

Kisha Mfadhili akaanza kutoa vitu nje. Majoho. Madaftari ya nyimbo. Kayamba.

"Uzito," alisema.

Mwalimu aliokota daftari moja chini, akalifuta vumbi kwa mkono wa shati. "Lakini hapa ndipo wimbo ulipo."

"Watapewa wimbo huko huko, Mwalimu. Tumechelewa."

Mama Chiriku alikuwa amesimama mlangoni mwa gari, mfuko wa nailoni mkononi. Alisikia tena lile swali la asubuhi, na safari hii hakuweza kulifukuza.

"Baba, samahani," alisema kwa adabu yote. "Huko mbele ya watu, nani kati ya hawa ataanza wimbo?"

"Unasemaje?"

"Anayeanza. Sauti ya kwanza. Ni yupi?"

Mfadhili alitazama ndani ya gari kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Kidole chake kikapita bila kusita juu ya Chiriku, ambaye siku zote ndiye anayeanza, kikaenda mpaka nyuma.

"Yule mrefu," alisema. "Yule mzuri."

Kwanza baadhi ya akina mama walicheka, wakidhani ni utani. Kisha kicheko kikakatika. Kila kitu kilijipanga kichwani mwa Mama Chiriku mara moja, picha, damu, wasichana tu, Kengele kuachwa, na aibu ikamchoma, kwa maana hakuna kilichokuwa kimefichwa. Walikuwa wameonyeshwa kila kitu, wakaenda kufanya mazoezi ya wimbo.

"Chiriku, shuka."

"Mama, unaniaibisha."

"Shuka, nimesema."

Mwenyekiti akasogea. "Mama, usituharibie shughuli. Hii ni safari halali, ina barua za serikali." Mlango wa gari ukafungwa. Dereva akawasha injini.

Angepiga kelele, wangesema amechanganyikiwa. Angevuta mlango, wangemshika. Mama Chiriku akaenda kusimama mbele ya gari na, kwa kuwa hakujua la kufanya, akafanya lile pekee alilolijua. Akaanza wimbo.

Aliuanza vibaya. Yeye ni sauti ya pili, tangu lini sauti ya pili ikaanza wimbo? Ulitoka juu mno, ukakwaruza, ukayumba. "Tupo hapa, Bwana, tupo hapa, usitupite." Kengele, akiegemea fimbo yake, akaudaka kabla haujaanguka. Baba Chiriku hakuuliza kitu, ngoma ikalia. Mwalimu akakimbilia kinanda. Na waimbaji wa kiume walionuna wiki nzima wakatiririka mbele ya gari kama maji ya mvua, sauti ya tatu na ya nne zikaingia mahali pake pa zamani, na wimbo ukasimama kwa miguu yake yote.

Chiriku mle ndani alivumilia mistari miwili. Wa tatu ukamshinda. Angevumilia mengi, lakini si wimbo wake kuanzwa juu hivyo mbele ya watu. Alisukuma mlango, akaruka chini, akaushusha wimbo mpaka pale unapostahili, kwa sauti safi iliyowafanya watoto waache kula. Sauti ya kwanza ikiingia, sauti ya pili haiwezi kukaa kimya. Ndivyo Mwalimu alivyowafundisha, kwa fimbo na kwa upendo. Mmoja akashuka, mwingine akamfuata, wakaja wakiimba, kila mmoja mahali pake panapomwita.

Mama Chiriku alimshika binti yake kiunoni na hakumwachia. Alikuwa analia na kuimba na kucheka vyote pamoja. Hakuwahi kuisikia kwaya ikiimba hivyo, hata siku ya askofu. Mfadhili alirukia kiti cha mbele, akapayuka kitu kwa dereva. Gari likarudi nyuma kwa kasi, likakanyaga mabeseni, likatokea lango la nyuma, na Mwenyekiti akiwa anakimbia pembeni yake. Umati ukashangilia. Wimbo ukapanda ubeti wa pili, ukapanda wa tatu.

Hapo Mwalimu akainamisha kichwa kidogo, kama kawaida yake, na kinanda kikakosea.

Haijawahi kutokea. Alipiga noti za ukurasa uliopita, akasita, akainamisha kichwa tena. Ukurasa haukwenda. Akageuka kutazama kando yake, pale ambapo palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

"Kurasa yuko wapi?"

Ngoma ikanyamaza. Watu walitazamana, wakatazama lango la nyuma, ambako vumbi la gari lilikuwa linashuka taratibu. Kila msichana alikuwa ameitwa na sauti yake. Yeye hakuwa na sauti katika wimbo ule, na hakuna aliyekumbuka kumwita kwa jina.

Walikwenda kituo cha polisi wote, kwa miguu, majoho mikononi, wawili wamebeba kinanda kwa kusahau kukiacha. Askari wa zamu alisikiliza akiwa ameegemeza shavu.

"Alilazimishwa?"

"Hapana," alisema Mama Chiriku.

"Ni mtu mzima?"

"Ndiyo."

"Barua ya mtaa?"

"Anayo. Imegongwa muhuri."

"Sasa mnalalamikia nini? Anayelalamika ni ndugu wa mtu. Nyinyi ni nani wake?"

Shangazi alikuwa ameshaitwa, akasema ana kazi, na kwamba Mwenyekiti amemwambia mambo yote yapo sawa. "Sisi ni kwaya yake," alisema Mama Chiriku.

"Kwaya si ndugu, mama. Njooni kesho." King'ora kikalia mlimani. Askari akafunga dirisha ili vumbi lisiingie, na mazungumzo yakaishia hapo.

Walibaki uani. Mwamba ulipasuka, ardhi ikatetemeka, na Chiriku akashikwa na kikohozi, kile kikavu, kirefu kuliko cha juzi. Mama yake alimpapasa mgongo. Leo amempata, na amempatia vumbi lile lile. Hakujua kama ashukuru au aombe msamaha, akaendelea kumpapasa.

"Kurasa jina lake la ubatizo nani?" aliuliza.

Chiriku akalitaja. Wengi walikuwa wanalisikia kwa mara ya kwanza. Mama Chiriku alikwenda akagonga dirisha, akalitaja tena, polepole, silabi moja moja, ili mtu aweze kuliandika. Ndani kalamu haikusogea.

Akaketi chini, mgongo kwenye ukuta wa kituo. Wengine wakaketi. Kinanda kilikuwa kimelala kwenye vumbi bila umeme, na Mwalimu alikuwa ameshika daftari lakini hakulifungua.

"Kiitikio peke yake," alisema. "Hicho hakina ukurasa."

Chiriku akafuta mdomo, akaanza. "Tupo hapa, Bwana, tupo hapa." Wakaitikia, wakarudia, wakarudia tena. Baada ya muda dirisha likafunguka kidogo.

"Mtaimba mpaka saa ngapi nyinyi?"

"Mpaka uandike jina," alisema Mama Chiriku, akalitaja.