Foleni ya Samaki kwa Dobi

Dobi alikuwa akisuuza mashuka ya nyumba ya wageni, mgongo ukimuuma, kambare wa kwanza alipopanda kutoka mtoni akaingia uani. Alikuwa wa buluu mpaka kwenye ndevu. Akapita mabeseni, akapita kamba za nguo, akasimama nyuma ya mwalimu aliyefuata suruali zake.

"Nani wa mwisho hapa?" kambare akauliza.

"Mimi," mwalimu akasema, akamsogezea nafasi.

Nyuma ya ua dobi alikuwa amechimba mfereji, akautandika turubai, akaujaza kokoto na mchanga, akapanda matete. Maji ya sabuni yaliingia huku na povu lake, yakatokea kule yakiwa meupe, ndipo yakashuka mtoni. Hakuna aliyemwamrisha. Hakupenda tu kumwagia wengine uchafu wake, basi. Kiwanda cha nguo kule juu hakikuwa na haya hiyo. Bomba lake lilimwaga rangi mtoni moja kwa moja, leo nyekundu, kesho buluu, kutegemea vitambaa vilivyoagizwa. Na aliyefungua koki ya bomba hilo kila asubuhi alikuwa mume wa dobi.

Kambare alilala kwenye matete mpaka rangi ikamtoka, akashukuru, akateremka. Kesho yake akarudi, buluu vilevile, safari hii na wenzake. Wakaja na perege waliobeba watoto mdomoni. Ikabidi samaki wawe na foleni yao, maana wateja walilalamika kwamba wanaoga polepole mno.

Foleni ilipofika barabarani, meneja wa kiwanda akaiona, akasimamisha gari. Samaki hawakumshughulisha. Kilichomkera ni rangi, kwa sababu kila mpita njia aliitambua: ni ileile ya vitambaa vyake madukani.

"Mama, fukia huo mfereji," akasema. "Unaniharibia jina."

"Mimi nafua tu, bwana."

"Basi kesho mumeo asije kazini."

Wifi ya dobi, aliyekuwa akipiga pasi kibarazani, aliiweka pasi chini.

"Wifi, acha ubishi, nakuomba. Kaka yangu akikosa kazi, watoto watakula matete?"

Dobi aliogopa kweli. Alimpenda mumewe, na alijua kazi zilivyo adimu. Lakini mbele ya foleni alisimama perege, mashavu yamemvimba kwa watoto, hathubutu kufungua mdomo wasije wakaonja rangi. Hasira zikampanda dobi.

"Sifukii," akamwambia meneja. "Wewe funga bomba lako uone kama foleni haitakwisha yenyewe."

Meneja akacheka, akapandisha kioo cha gari.

Jioni mumewe alirudi akiwa ameshaambiwa. Alikaa kizingitini, na mkewe akakaa pembeni yake bila kujitetea.

"Umeniponza, mama watoto," akasema mwishowe.

"Najua."

"Na huo mfereji wenyewe mwembamba. Samaki wote wale wataingia wapi?" Akavua shati la kazi. "Kokoto zimebaki?"

"Ziko nyuma ya choo."

Wakachimba. Wifi alisonya, akaenda kuwashikia taa.

Asubuhi koki ilifunguliwa na jirani yao, naye ana watoto wa kulisha. Mto ukawa mwekundu kama kawaida. Samaki wakapanda, wakajaa uani, wakavuka barabara na kuifunga pande zote mbili. Mume wa dobi akaenda kusimama mwisho wao, akanyoosha mbele mikono yake ya buluu, ambayo sabuni ya mkewe haikuwahi kuitakatisha miaka yote ile.

Gari la meneja likaja, likapiga honi. Likapiga tena, kwa muda mrefu. Hakuna aliyesogea.