Giza la Nne

...halafu wamenipa kalamu yao, ya bluu, ina nembo ya mradi wao wa kumbukumbu za wazee, kichwa cha mtu kimechorwa ubavuni na ndani yake nyota zinametameta, kana kwamba ndani ya vichwa vya wazee wa Ujiji kuna nyota, mle kuna moshi wa kuni na majina ya marehemu, basi, na mimi nimeishika juu ya swali la tisa kama mtu aliyeshika nyoka mkiani, akiachia anaumwa, akiendelea kushika anachekwa, swali la tisa, Je, katika miezi sita iliyopita mhusika amekuwa akipoteza hesabu ya siku, Ndiyo, Hapana, Sijui, weka alama ya vema, mhusika, bibi yangu Agnesi aliyenilea kwa dagaa wa kukausha hadi nikavaa joho amekuwa mhusika, kama vile tumekuja hapa kuigiza, na nyuma ya pazia namsikia Happiness, mpimaji wao, sauti yake ya Dar ile, laini, inateleza kama samli, Bibi nitakutajia maneno matano, uyashike, baadaye nitakuuliza tena, sawa bibi? Uso, hariri, kanisa, na hapo bibi anamkatiza, Hariri ndiyo nini, mwali wangu? na Happiness anacheka, Ni kitambaa bibi, kitambaa kizuri, na bibi, Aa, basi sema kitenge, na mimi huku nataka kucheka na sitaki kucheka, hariri, nani amewahi kuvaa hariri Ilagala, mama wa watu amezaliwa mdomoni mwa mto Malagarasi, muulize samaki, muulize migebuka, muulize mihogo inalowekwa siku ngapi, unamuuliza hariri halafu unamkata alama, huo ndio utafiti, hiyo ndiyo science, na mimi mwenye shahada ya saikolojia, upper second, mimi ninayelijua hilo jaribio tangu mwaka wa pili, najua lilikotoka na kwa nini limewekewa kanisa na siyo msikiti, mimi ndiye nimekaa kwenye benchi huku nje ya pazia kama kuku wa kuuzwa, We regret to inform you, wakaniandikia nilipoomba kazi yao, however, hiyo however yao ningeipata ningeitia pilipili, eti uzoefu wa miaka miwili, uzoefu nitaupata wapi kama kila mwenye kazi anataka aliyekwisha kufanya kazi, ni sawa na kumwambia mtoto hutazaliwa mpaka ulete cheti cha kuzaliwa, wakamchukua Happiness, hajui hata kusalimia kwa Kiha, mwakeye, siku ya kwanza alimwambia bibi Mambo, akasikia baridi iliyojibu, siku hizi amejifunza, Shikamoo bibi, anakunja magoti kidogo, na bibi anampenda, hilo ndilo linaloniuma zaidi, anampenda kweli, anamwita mwali wangu, mimi ananiita Dismasi.

Dismasi ni mjomba wangu, yuko Mpanda, mwaka wa sita huu hajakanyaga hapa, mimi ni Elia, lakini nikiitwa Dismasi naitika, naam, bibi gani duniani haiti orodha nzima ya ukoo kabla hajafika kwenye jina lako, Dismasi, Leonardi, we nani hii, hata wa mtaa wa pili anafanya hivyo na hakuna aliyemvisha kofia ya waya, kwa hiyo swali la sita, Je, huwaita watu wa karibu kwa majina yasiyo yao, niliweka vema kwenye Hapana, bila kusita, na la saba Hapana, na la nane Hapana, mkono unatembea wenyewe, kwa sababu najua wanachotafuta hawa, wanatafuta waliopungukiwa kidogo, ndiyo maneno yenyewe ya Dokta wao, siyo mzima, siyo aliyekwisha, katikati, chini ya alama ishirini na nne unaingia kwenye mradi, unavishwa ile kofia mara ishirini, unapitishiwa umeme mdogo kichwani huku unakumbuka kumbuka vitu, ishirini na nne na kuendelea unapewa sabuni na kanga unarudi nyumbani, na mtaa huu wenyewe umeme ukija tunapiga makofi, hatujapata wa kupigia pasi, wao wamepata wa kutia kwenye ubongo wa mwanamke wa miaka sabini na nane, majirani wanasema wanafyonza kumbukumbu za wazee, wanazipeleka Ulaya, mimi siyo mjinga, najua haifyonzi kitu, nimesoma, ni mkondo mdogo kuliko wa betri ya redio, unawasha ngozi kidogo basi, na kuna wazee umewasaidia, kidogo, kwa muda, hiyo ndiyo lugha yao, kidogo, kwa muda, further research is needed, lakini mimi sikuja hapa kuwa na akili timamu, nilikuja kuwazuia, na niliwazuia, wiki tatu zilizopita, hapa hapa, mbele ya watu.

Kwa sababu walimuuliza leo ni tarehe ngapi, na bibi akajibu kama anavyojibu tangu sijazaliwa, Leo giza la nne, na Happiness akaandika sifuri, nikaiona ile sifuri, pazia lilikuwa wazi siku hiyo, mviringo mzuri kama yai, nikasimama, nikasema nyinyi ni wapumbavu, nilisema hivyo, wapumbavu wenye gari, huyu mama ameuza dagaa miaka arobaini, dagaa hawavuliwi kwa kalenda ya ukutani, mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti kitu, mitumbwi inalala mchangani wiki nzima watu wanashona nyavu na kugombana na wake zao, mwezi ukififia giza linahesabiwa, la kwanza, la pili, la tatu, ukikosea hesabu umefika ufukweni na beseni tupu au umelala wakati wenzako wananunua, hiyo ndiyo tarehe yake, na leo ni giza la nne, tokeni nje mkaulize mvuvi yeyote, na Dokta Yona, mwembamba yule, miwani, mtu wa Kasulu lakini ameishi ughaibuni mpaka Kiha chake kina mafua, akatoka kweli, akaenda kuuliza, akarudi, akasema, Kijana uko sahihi, tumekosea sisi, mbele ya watu wote, akabadilisha fomu, akaandika kwa mkono, Tarehe, au hesabu ya mwezi, kubali yote mawili, na mtaa mzima ukanisifu, Bariki wa bodaboda alinirudisha siku hiyo bure, Oya msomi, leo umewachana, miaka minne sijawahi kushinda kitu chochote, nilishinda ile, bibi yangu mzima, fomu ndiyo mgonjwa...

Haya bibi, anasema Happiness nyuma ya pazia, sasa niambie, leo ni siku gani, utakavyohesabu wewe, tarehe au mwezi, nasikia kiti kinalia, nasikia jogoo wa mtu, nasikia bibi anakohoa kile kikohozi chake cha kujitengeneza, Leo, mwali wangu, leo ni giza la nne.

Giza la nne.

Safi sana bibi, anasema Happiness, na kalamu inakwaruza, tap, alama, na mimi ndipo naangalia dirishani, sijui kwa nini, labda kwa sababu huku benchini dirisha ni moja tu na linaangalia ziwa, kule walikokaa wao la kwao wameliziba kwa karatasi nyeusi mwanga usisumbue mashine, naangalia na uko pale, saa mbili asubuhi na uko pale, mwezi, mkubwa, mweupe kama kipande cha muhogo, umeinama juu ya milima ya Kongo upande wa pili haujazama bado, mwezi uliotoka kujaa juzi, na chini yake mitumbwi imepangwa mchangani, mmoja juu yake wameanika nguo za mtoto, hakuna dagaa, wiki nzima hakuna dagaa wabichi Ujiji, nimekula maharage siku tano nikilalamika, na tumekuja hapa kwa miguu tukiuelekea huo mwezi, uso kwa uso, mimi na yeye, nimemshika mkono kwenye mtaro, na yeye alikuwa anasimulia habari za mtaro tu.

Giza la nne wiki tatu zilizopita lilikuwa giza la nne, nilikuwa sahihi, Dokta mwenyewe alisema, nilikuwa sahihi kabisa, sasa leo... hapana, subiri, ngoja, mtu anaweza kukosea siku moja, mimi mwenyewe sijui leo ni tarehe ngapi, mtu asiye na kazi Jumanne na Jumapili zake ni mapacha, lakini hakuna anayekosea kati ya mwezi na giza, hakuna, mtoto hakosei, na kikombe, Mungu wangu, kikombe, kile cha bati kilichobanduka rangi dirishani kwake, kila jioni ya giza anatia kokoto moja, giza likiisha anamwaga, nilipokuwa darasa la kwanza alinifundisha kujumlisha kwa kikombe kile, Elia, jana tatu, leo tutie moja, zimekuwa ngapi mwana wanje, nne bibi, ego, ndiyo, nne, na leo asubuhi nilikisogeza nipate pa kuweka chaja ya simu, kilikuwa na kokoto nne, nne na vumbi, na uzi wa buibui kutoka mshikioni mpaka ukutani, nikaufuta kwa kidole, nikachomeka simu nikaangalia kama kuna tangazo la kazi, nimeona, macho yangu haya, anaamka kila siku anachungulia kikombe anakuta nne anasema ni la nne, kila siku, wiki tatu anaishi ndani ya siku moja, ile siku niliyoshinda mimi.

Na Jumanne ile, Bariki alipomleta bibi kwa pikipiki alfajiri, beseni mapajani, Msomi, nimemkuta bibi yako ufukweni kasimama peke yake anasubiri mitumbwi, mwezi mwaaa, wavuvi wanamcheka, na mimi nikamjibu Bariki, anafanya mazoezi bwana, wazee lazima wanyooshe miguu, nilisema hivyo, mimi, mwenye shahada ya saikolojia, upper second, na Bariki akaniangalia, hakucheka, Bariki anacheka kila kitu na pale hakucheka, akageuza pikipiki akaondoka... na bibi akaingia ndani akaniuliza, Dismasi, leo wamechelewa, kuna upepo? nikasema, ndiyo, kuna upepo, hapakuwa na upepo, nyavu zilikuwa zimening'inia kama nguo za msiba.

Ishirini na tano, nasikia Dokta Yona anasema kule ndani, kwa sauti ya chini, ile ya watu wanaodhani pazia ni ukuta, Mara ya kwanza ishirini na mbili, tulipomrudishia zile alama mbili za mwezi ishirini na nne, mpakani kabisa, ndiyo maana tukampima tena, leo ishirini na tano, bibi yuko vizuri, hatufai, na Happiness, Afadhali jamani, nilikuwa namwonea huruma, na wamefurahi, mashetani hawa, wamefurahi kwa ajili yake, naomba mmoja wao awe mbaya, mmoja tu, nimchukie vizuri, walioweka hariri kwenye orodha wako mbali, hawa wawili wamenisikiliza, hilo ndilo kosa lao, wamenisikiliza mimi, wangeandika sifuri yao kama mapumbavu angekuwa ndani ya mradi sasa hivi, anavishwa kofia, kidogo, kwa muda, na mimi ningekuwa mtaani naendelea kusifiwa, sasa wamejifunza kuheshimu hesabu ya mwezi lakini hawajajifunza kuinua kichwa kuutazama, watu wa karatasi, mwezi uko dirishani, mkubwa mzima kama sinia, mtu angefungua pazia hatua mbili tu, lakini nani afungue, wanaoujua mwezi ndani ya nyumba hii ni wawili, mmoja ameusahau na mwingine ameshika kalamu.

Na nikisema... nikisema Dokta, samahani, zile alama mbili za mwezi zifute, basi nimesema nini, nimesema amekuwa mhusika, nimemkabidhi kwa mkono wangu, nimerudi mtaani Bariki ananiuliza vipi msomi umewachana tena, niseme hapana, leo nimemchana bibi yangu, na yeye atasikia, pazia ni lile lile, atasikia mjukuu wake anasema hajui giza na mwanga, mwanamke aliyenisomesha kwa kuhesabu giza, na nikinyamaza anapewa sabuni na kanga, tunarudi, kikombe kina nne, kesho nne, keshokutwa nne, na siku moja ataingia na beseni lake majini kuwafuata, watu wanasema hasira ni ya mtu aliyeonewa, uongo, yangu ilikuwa pazia, nilijiziba nayo kama hawa walivyoziba dirisha lao, nimeshinda miezi minne natukana mradi nisimwangalie yeye, swali la sita, swali la saba, swali la nane, vema, vema, vema, mwandiko mzuri kabisa, mtu mwenye hasira haandiki vizuri hivyo, anayeandika vizuri hivyo ni mwoga.

Kaka Elia, Happiness ananiita, umemaliza fomu? Tunakusubiri wewe tu. Bado, nasema. Swali gani linakusumbua? La tisa. Ah, hilo jepesi, anasema, hilo bibi ameshalijibu mwenyewe, na nasikia bibi anacheka, amechangamka, sauti ya mtu aliyepewa maksi, anamwambia, Mwali wangu, wewe umenitendea vizuri, kesho alfajiri uje ufukweni, lete beseni, giza hili mitumbwi inarudi imejaa, nitakuchagulia dagaa wazuri upeleke kwenu Dar, na Happiness, msichana wa watu, hajui, anasema kwa moyo wake wote, Nitakuja bibi, nitakuja mapema, na mwezi uko pale dirishani umebaki vidole viwili kugusa Kongo, na wino wa kalamu yao umeanza kutengeneza doa la bluu kwenye karatasi, katikati, siyo kwenye Ndiyo wala Hapana, na nawaona wawili wale kesho, wamesimama mchangani na mabeseni yao, mwanga mtupu, wanaangalia maji, mmoja anasubiri mitumbwi na mwingine anamsubiri mtu yeyote amwambie, na bibi anaita, Dismasi, njoo usikie, mwali wako atakuja, na kwa mara ya kwanza mwaka huu siitiki.