Kiti Chenye Mto

Kwa miaka tisa Alistidia ndiye aliyekuwa mgonjwa rasmi wa Kamachumu. Goti lake lilijulikana kuliko paroko. Kwenye harusi na misiba, wenzake wakikaa chini kumenya ndizi, yeye aliwekewa kiti chenye mto. Sasa wifi yake Edvina, ambaye kiuno chake kilianza kuuma juzijuzi tu, akaenda Bukoba kutibiwa kwa sumaku, akarudi amebeba sifa zote.

"Wanakuwekea kitu kichwani, kinagonga ko-ko-ko kama kigong'ota," Edvina alisimulia nje ya kanisa. "Siku ishirini! Maumivu yalikuwa tisa, sasa matatu."

"Kiuno kinauma, wanagonga kichwa?" Alistidia akauliza.

"Ubongo ndio unaopiga kelele, waitu. Wanautuliza."

Chakula kikamshinda Alistidia. Wiki iliyofuata alikuwa Kashai, palepale Bukoba, kwenye kliniki ileile ya Edvina, ameshavua hereni kwa ajili ya sumaku. Daktari, binti mpole, akamwuliza maumivu yake ni mangapi, kuanzia sifuri mpaka kumi.

"Wifi yangu alisema ngapi?"

"Hiyo ni siri yake, mama."

"Basi andika kumi na moja."

Siku ya ishirini goti lilikuwa limepoa, si haba. Ukimbana sana angesema tano. Daktari akamweleza kuwa kama bado linasumbua, atamwongezea siku kumi. Lakini tano mbele ya tatu ya Edvina? Ashindwe hata kupona?

"Sifuri," akasema.

"Kabisa, mama?"

"Kama goti la mtoto."

Daktari akafunga faili. Alistidia akarudi Kamachumu akitangaza sifuri yake nyumba kwa nyumba.

Jumamosi ikawa harusi ya Annastella, binti wa jirani. Alistidia akakielekea kiti chake kwa mazoea. Ma Klaudia, mkuu wa wapishi, akamziba njia, kisu mkononi.

"Hicho cha wagonjwa, waitu. Wewe si sifuri? Ma Edvina mwenye tatu, njoo ukae."

Edvina akakaa polepole, kama askofu. Alistidia akashuka chini, akamenya mkungu wa kwanza, na wa pili. Kufika wa tatu, goti lilikuwa saba, linatafuta nane.

Edvina akainama kutoka kitini. "Wifi, ngapi sasa?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka Alistidia mpaka kidevuni.

"Sifuri," akasema. "Utomvu tu umeniingia machoni."

"Ashukuriwe Mungu," Edvina akasema, akijinyoosha juu ya mto. "Klaudia! Mletee wifi yangu mkungu mwingine."