Jiwe Jeusi la Mwinyimvua

Mwinyimvua alikuwa na barua mfukoni, na barua ilisema anaacha chuo. Jumatatu angeipeleka ofisini, kisha arudi kwenye mizani yake sokoni Kariakoo, alikopima viazi miaka kumi na saba kabla Chuo Kikuu cha Mlimani hakijampokea kwa mtihani wa watu wazima.

Masomo hayakumshinda. Kilichomshinda ni shikamoo. Yeye ana miaka arobaini, darasa zima ni watoto wa ishirini na mbili. Akiingia tu, "Shikamoo, mzee!" Wanampisha kiti, wanampisha mlangoni, wanampisha mpaka kwenye bomba la maji. Akikosea hesabu hakuna wa kumwambia. "Sawa, mzee," halafu haoo, wanakwenda kusomea kwingine na kucheka huko huko. Miezi minne hajacheka na mtu.

Jumamosi hiyo ya mwaka themanini na moja, sabuni ilishuka duka la ushirika. Mwinyimvua aliweka jiwe lake kwenye foleni alfajiri limshikie nafasi, kama kila mtu, akaenda kunywa kahawa. Mawe yalijipanga vizuri kuliko wenyewe: la chokaa la Bi Mwanamkuu, tofali nusu la Seifu fundi baiskeli, lake jeusi, na mengine kama sitini.

Aliporudi alikuta zogo. Mawe ya mbele yote hayapo mahali pake. Katikati ya watu amesimama Eliasi wa darasani kwake, na Scholastika, wa darasa hilo hilo, kakalia mnara wa mawe. Wenzao wa bweni waliwatuma sabuni. Jua likawachoma, Eliasi akaona mawe yamezagaa bure, akamjengea mwenzake kiti.

"Kanikalia nafasi yangu!" Bi Mwanamkuu alifoka. "Nimeamka saa kumi na moja, huyu ananikalia!"

"Samahani, mama. Sisi wa chuo, tulidhani ni mawe tu," Eliasi akasema.

"Mawe tu! Huko Mlimani mnasomea nini?"

Seifu alikuwa anakunja mikono ya shati. Mwinyimvua akapenya katikati. "Waacheni! Hao wangu."

"Wako?" Seifu akauliza. "Umezaa lini wanachuo, wewe?"

"Wenzangu. Tunasoma darasa moja."

Bi Mwanamkuu akashika kiuno. "Kumbe kweli! Wanangu, msimwogope huyu. Akinipimia viazi alikuwa anapima na kidole gumba chake. Na anakoroma! Tulipanga naye nyumba moja Magomeni, usiku tunadhani lori limeingia uani."

Foleni nzima iliangua kicheko. Scholastika alicheka mpaka akaporomoka na mnara wake. Mwinyimvua naye, aibu imemjaa, akajikuta anacheka mpaka mbavu zinauma.

Ikabidi apange mawe upya. Eliasi anabeba, yeye anaamua.

"Langu lilikuwa la kwanza," Seifu akajaribu.

"Lilikuwa nyuma ya Bi Mwanamkuu. Usinichezee."

Sabuni ikaisha kabla zamu ya wanafunzi haijafika. Mwinyimvua akakata mche wake katikati kwa kisu cha kukopa, akawapa nusu. Karatasi ya kufungia haikuwepo dukani. Akaingiza mkono mfukoni huku bado anacheka, akatoa karatasi, akafunga. Wanafunzi walipokwisha kupita Mnazi Mmoja ndipo akajipapasa. Mfuko mtupu.

Jumatatu alichelewa. Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Kwenye benchi la mbele, kati ya Eliasi na Scholastika, palikuwa na nafasi moja, na juu yake jiwe jeusi. Lile lile la foleni.

"Shikamoo, lori!" Eliasi akasema.

Mwinyimvua akajibu, "Marahaba, mvunja foleni."

"Jiwe lako limeshaandika ukurasa mzima. Na ile hesabu yako ya Ijumaa ni upuuzi mtupu, tutaipitia leo jioni."

Scholastika akatoa karatasi inayonuka sabuni. "Barua tumeisoma. Mstari wa pili tu una makosa matatu. Ukitaka kuacha chuo, mzee, sharti tukusahihishie kwanza. Na sisi nafasi hatuna mpaka mwaka wa tatu."

Mwinyimvua akaliinua jiwe, akalitia mfukoni, pale pale ilipokuwa barua.

"Sogea, binti," akasema. "Unanikalia nafasi yangu."